Nia na Neno

Mazungumzo ya wanadamu husimama juu ya msamaha ambao aghalabu hauonekani. Mtu husema nusu ya jambo, na msikilizaji hujaza nusu iliyobaki. Mama humwambia mwanawe alete maji, wala hasemi yaletwe katika chombo gani, kutoka mtungi upi, wala kwa kiasi gani. Mtoto huleta kikombe ikiwa mama ana kiu, na huleta ndoo ikiwa mama yu jikoni anaosha vyombo. Mtoto huyo hakutii maneno matupu. Ametii nia iliyo nyuma ya maneno. Lau kila neno lingalitiiwa kama lilivyotamkwa, bila kupunguzwa wala kuongezwa, hapana nyumba ambayo ingalikaa kwa amani siku moja.

Kwa desturi hii ndefu ya kufahamiwa, mwanadamu huzoea kudhani kuwa kukusudia jambo na kulisema ni kitu kimoja. Hutambua kwamba ni vitu viwili siku anapokutana na msikilizaji asiyejaza chochote. Msikilizaji wa namna hiyo ni ile mashine ndogo iitwayo maikrokontrola, yaani kompyuta nzima iliyokusanywa katika chipu moja inayoweza kulala juu ya kidole. Mbele ya msikilizaji huyu swali la zamani la maadili huzaliwa upya: kitu kilichotii kinapoleta madhara, kosa ni la nani? Na je, aliyekusudia mema huwa ametimiza wajibu wake?

Msomaji na amfikirie kijana wa mji wa Same, chini ya milima ya Upare wa Kusini, anayetengeneza bodi yake ya kwanza ya saketi. Hana karakana. Ana meza, chuma cha moto cha kulehemu, kipande cha ubao uliofunikwa shaba, na chipu ya ATmega328P, ile iliyoenea duniani kwa sababu ya bodi za Arduino zilizoanzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, kwa ajili ya wanafunzi wasio wahandisi. Chipu hiyo hupiga hatua milioni 16 kwa sekunde, na hifadhi yake ya programu ni kilobaiti 32 tu, ambazo hazitoshi kuweka hata picha moja iliyopigwa kwa simu nzuri ya siku hizi. Kijana huchora njia za umeme juu ya shaba kwa wino usioyeyuka, kisha huuzamisha ubao katika dawa inayokula shaba. Palipo na wino shaba hubaki; pasipo na wino huliwa. Mkono ukiteleza na mstari ukakatika, dawa haimwulizi kama alikusudia hivyo.

Makosa yake ya kwanza ni yale yale ya kila anayeanza, popote alipo. Aliunganisha kijitaa cha diodi moja kwa moja na umeme wa volti 5. Kikawaka kwa ukali, kikafa. Kijitaa chekundu huhitaji kama volti 2 tu, na volti 3 zilizobaki zilipaswa kumalizikia katika rezista. Kwa rezista ya omu 220 mkondo ungalikuwa miliampea 14 hivi, na kijitaa kingaliishi miaka mingi. Baadaye alilehemu waya, lehemu ikapoa kabla ya kuishika shaba. Kwa macho waya uliungwa, kwa umeme haukuungwa. Kisha aliacha mguu mmoja wa chipu bila kuuunganisha na kitu, akidhani kuwa mguu usioambiwa neno utasoma sifuri. Kumbe mguu unaoning'inia hewani husoma mara sifuri, mara moja, kwa kufuata mitikisiko midogo ya umeme iliyouzunguka, hata ya mkono wa mtu anayepita karibu. Kunyamaza kwake hakukuwa amri ya kutulia. Kulikuwa ruhusa kwa kila kelele kusema mahali pake.

Kosa la nne lina mafunzo makubwa zaidi. Kijana aliweka swichi ya kubonyeza, akaandika programu ya kuhesabu mabonyezo. Alibonyeza mara moja. Mashine ikaandika tatu. Alibonyeza mara ya pili, ikaandika tano. Hapo alisema kwa uhakika kuwa mashine ni mwongo. Lakini vipande viwili vya chuma vilivyo ndani ya swichi, vinapogongana, havitulii papo hapo. Huruka na kugusana tena na tena kwa muda wa sehemu chache za elfu za sekunde. Jicho halioni mruko huo wala kidole hakiuhisi, ila mashine yenye hatua milioni 16 kwa sekunde huuona wote. Ilipoandika tatu, vyuma vilikuwa vimegusana mara tatu. Mtu alihesabu makusudio yake. Mashine ilihesabu yaliyotukia. Wote wawili walikuwa wakweli, isipokuwa walikuwa wakijibu maswali mawili mbalimbali. Dawa ya kosa hilo ni mistari michache ya programu: baada ya mguso wa kwanza mashine isubiri kidogo, sehemu 20 za elfu za sekunde au karibu na hapo, kisha itazame tena. Walakini mistari hiyo haiwezi kuandikwa na mtu anayeendelea kushikilia kuwa ametukanwa na chuma.

Hasira ya anayeanza ina maana kuliko inavyodhaniwa. Lawama ni mali ya mwenye hiari. Jiwe likiporomoka kutoka mlimani halipelekwi barazani, wala mvua haidaiwi fidia. Anayeilaumu bodi yake anaipa hiari isiyokuwa nayo, na kwa kuipa hiyo anajiondolea mwenyewe sehemu ya kazi yake. Anataka bodi imfanyie ule msamaha aliozoea kufanyiwa na mama, na rafiki, na mwalimu: ijaze nusu aliyoiacha. Bodi haina cha kujazia. Kwa sababu haina nia, haiwezi kuwa na nia mbaya. Na kwa sababu hiyo hiyo, haiwezi kuisoma nia njema ya mwingine.

Huenda akasema, na kwa haki, kwamba hakujua. Kitabu cha maelezo ya chipu hiyo kina mamia ya kurasa, na kimeandikwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi aliyeanza kusoma kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha akabadilishiwa lugha alipoingia sekondari, hukifungua kitabu hicho akiwa amebeba mizigo miwili: mzigo wa elimu yenyewe na mzigo wa lugha iliyoifunika. Udhuru huu mbele ya watu ni mzito. Si yeye aliyechagua lugha ya kitabu, wala si yeye aliyechelewa kuyaandika mambo hayo kwa lugha ya nyumbani. Hata hivyo, mbele ya bodi udhuru huu hauna uzito hata wa chembe ya lehemu. Kijitaa kisicho na rezista huungua mkononi mwa mjuzi na mkononi mwa asiyejua, kwa muda ule ule na kwa moshi ule ule.

Basi hapa pana mizani miwili isiyofanana. Watu hupimana kwa nia. Sheria ya nchi hutenganisha kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia, ingawa maiti ni moja, na hapana mwenye akili atakayesema kuwa utenganisho huo ni wa bure. Vitu hupima kwa kilichotendwa tu. Swali ni mizani ipi imshike mtu anapotengeneza kitu kitakachowatumikia watu wengine. Maadamu kijitaa kinaungua mezani kwake, hasara ni yake na somo ni lake. Lakini hapana ajifunzaye ufundi ili abaki mezani daima.

Katika Upare wa Kusini, upande wa magharibi ambako milima huzuia mvua na tambarare za Same hubaki kame, wakulima wamekuwa na ndiva kwa muda mrefu. Ndiva ni bwawa dogo lililojengwa kando ya mfereji. Kijito cha mlimani huwa na maji machache. Yakiachwa yatiririke moja kwa moja hadi shambani hunywewa na mfereji wenyewe kabla ya kufika mbali. Kwa hiyo hukusanywa usiku katika ndiva, na asubuhi lango hufunguliwa, yakashuka kwa wingi na kwa nguvu hadi kwa mwenye zamu. Zamu ndiyo roho ya mpango huu. Ukuta wa ndiva ni udongo na mawe, walakini kinachouzuia usibomoke ni makubaliano ya watu: nani apate maji leo, nani kesho, nani asafishe mfereji, na anayeiba maji usiku afanywe nini.

Na afikiriwe sasa yule kijana, bodi yake ikiwa imekwisha kukaa sawa, ametaka kuwapunguzia wazee taabu ya kuamka alfajiri. Nia yake ni safi. Akatengeneza lango linaloendeshwa na mota ndogo, akaandika programu: hesabu sekunde tangu jua linapotua, saa 12 zikitimia, fungua. Saa 12 ni sekunde 43,200. Alijaribu kwa dakika tano, lango likafunguka. Alijaribu kwa saa moja, likafunguka. Akalipeleka kwenye ndiva, watu wakashukuru.

Lakini hesabu aliiweka katika namba ya aina ile wanayoizoea wanaoanza, ambayo katika chipu hiyo ina biti 16. Namba hiyo haiwezi kupita 32,767. Ikifika hapo na kuongezwa moja, huanguka chini ya sifuri hadi 32,768 ya hasi, kisha huanza kupanda upya. Sekunde 32,767 ni saa tisa, dakika sita na sekunde saba. Ikiwa hesabu ilianza saa 12 jioni, basi saa tisa na dakika sita za usiku, watu wote wakiwa wamelala, hesabu iligeuka bila sauti. Haikufika 43,200 usiku ule, wala isingefika usiku wowote. Alfajiri ndiva ilikuwa ikifurika juu ya ukuta, na chini mama mwenye zamu alikuwa amesimama na jembe lake katika mfereji mkavu, mahindi yake yakitoa mbelewele, wakati ambao mahindi hayana subira kwa maji.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini kila tarakimu ndani yake ni ya kweli, na yeyote mwenye chipu hiyo anaweza kuijaribu usiku mmoja. Kijana alitenda kosa gani? Hakudanganya, hakuiba, hakuzembea kwa namna ambayo jirani angeiona. Programu yake ilisema jambo lililokuwa kweli kwa dakika tano na kwa saa moja. Watu wa ndiva hawana haki ya kumwita mwovu. Wakifanya hivyo watakuwa wamemwadhibu kwa mizani isiyomhusu. Lakini pia mahindi hayanywi nia. Akimwambia mama yule, «Nilikusudia mema,» atakuwa amesema kweli, na kweli hiyo haitalowesha udongo.

Kwa hiyo yapasa kutenganisha mambo mawili ambayo lugha ya kila siku huyachanganya: hatia na deni. Hatia ni doa la nafsi, na nia njema hulifuta. Deni ni pengo katika maisha ya mwingine, na nia njema haiwezi kuliziba. Wengi wa watu wema hukosea hapa. Wakiisha kujiona hawana hatia hudhani hawana deni, wakarudi kulala. Mtu mwema kwa kweli hutambulika kwa namna anavyolipa deni ambalo hana hatia nalo. Kijana wa ndiva atakuwa amelipa ikiwa atampa mama yule zamu yake mwenyewe ya maji; ikiwa atakesha usiku mzima mwingine kando ya lango ili aone kwa macho saa tisa na dakika sita zikipita; na ikiwa ataweka karibu na mota mpini ambao mkono wa mtu yeyote unaweza kuufungua. Kujaribu kwa dakika tano kitu kitakachofanya kazi usiku kucha ni kukopa imani ya watu bila kuwaambia kuwa imekopwa.

Wala isidhaniwe kuwa deni hili ni la wanaoanza peke yao. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, katika Guiana ya Kifaransa. Kabla ya dakika moja kutimia iliacha njia, ikavunjika na kuteketea angani. Sababu ilikuwa namba kubwa iliyolazimishwa kuingia katika nafasi ya biti 16, ile nafasi isiyoweza kupita 32,767. Programu iliyofanya hivyo ilikuwa imechukuliwa kutoka roketi iliyotangulia, Ariane 4, ambako ilikuwa imefanya kazi bila lawama, kwa kuwa mwendo wa roketi ile haukupata kufikia kipimo hicho. Wahandisi walikuwa hodari, maneno yalikuwa yale yale, ila kazi ilikuwa nyingine. Neno lililo sahihi mahali pake laweza kuwa kosa mahali pengine, bila hata herufi moja kubadilika. Kinachotenganisha fundi mzoefu na anayeanza si kwamba mmoja hakosei. Ni kwamba mmoja amejua ukubwa wa deni lake.

Hadi hapa somo la bodi ni somo la usahihi, na ni somo jema. Lakini kila somo jema lina mpaka wake, na madhara makubwa hutokea linapovushwa mpaka. Mtu aliyefundishwa na mashine kwamba nia si kitu anaweza kurudi nyumbani akaanza kuwatendea watu hivyo hivyo. Atamjibu mwanafunzi kwa kosa la herufi na kuliacha wazo. Atamhukumu jirani kwa neno lililoteleza. Atatazama kijiji kama bodi ambayo, ikiandikiwa amri barabara, itatenda barabara.

Mji wa Same unalo kumbukumbu la jambo hili. Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia serikali ya kikoloni iliwatoza Wapare kodi mpya, juu ya ile ya kawaida, ikaiita mbiru. Kila mtu alikadiriwa mali yake, na kiasi cha kodi kikafuata makadirio. Katika karatasi mpango ulikuwa na sura ya haki: mwenye kingi alipe kingi, mwenye kichache alipe kichache. Watu waliona jambo lingine: makadirio yasiyoeleweka, na sauti yao isiyosikilizwa. Mwaka 1945 maelfu yao walishuka kutoka milimani hadi Same, wakakaa hapo wakipinga bila silaha. Hawakukataa kulipa kodi. Walikataa kupimwa kwa kipimo ambacho hawakuulizwa. Mwanahistoria Isaria Kimambo ameandika habari za mgogoro huo, ambao ulichukua miaka kabla ya mbiru kuondolewa. Waliotunga kodi ile waliwaona watu wanaopinga kama mashine iliyokataa amri, wakatafuta kosa katika watu. Kosa lilikuwa katika amri.

Mfano wa Uingereza ni wa karibu zaidi na unatisha zaidi, kwa kuwa huko mashine yenyewe ilitiwa katika kiti cha shahidi. Kati ya mwaka 1999 na 2015 wasimamizi wa ofisi ndogo za posta walishtakiwa kwa wizi na udanganyifu kwa sababu mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon ulionyesha upungufu wa fedha katika hesabu zao. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani. Wengine walifungwa, wengine walifilisika, wengine walikufa kabla majina yao hayajasafishwa. Wengi wao walisema tangu mwanzo kuwa hawakuchukua kitu. Sheria ilikuwa ikidhani kuwa kompyuta imefanya kazi sawasawa mpaka ithibitishwe vingine, na dhana kama hiyo ya heri hawakupewa wanadamu. Mwaka 2019 Mahakama Kuu iliamua kuwa mfumo ulikuwa na makosa, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo. Hapa ndipo mizani ilipopinduliwa kabisa: kitu kikapewa msamaha unaowastahili watu, na watu wakapewa ukali unaokistahili kitu.

Upinduzi huo ndio uovu ambao zama hizi zinapaswa kuuogopa, na mbegu yake ni ndogo. Ni ile ile hasira ya mezani. Anayeanza anapoilaumu bodi huku akijisamehe mwenyewe, na anayetawala anapoiamini mashine huku akiwashuku watu, wote wawili wamekosea katika mahali pamoja: hawajui ni nani mwenye nia na nani asiye nayo.

Upare ulikwisha kuwa na mafundi wakubwa wa vitu kabla ya shaba na chipu. Katika Ugweno, Upare wa Kaskazini, ambao sasa ni sehemu ya Wilaya ya Mwanga, ukoo wa Washana ulijua kuyeyusha chuma kutoka mchanga wenye madini, kwa makaa na mivukuto, na chuma chao kilitafutwa hata na Wachagga. Ukoo huo huo ulikuwa umeshika utawala wa Ugweno, na historia ya Kimambo inaeleza jinsi walivyonyang'anywa utawala na ukoo wa Wasuya. Uhunzi ulibaki nao. Msomaji asiharakishe kulifanya tukio hilo kuwa hadithi ya mafunzo, maana mapinduzi huwa na sababu nyingi. Lakini laonyesha walau jambo moja: nyundo na fimbo ya utawala zaweza kuwa katika nyumba moja, ila si chombo kimoja. Chuma hunyoshwa na moto na mkono usiokosea. Watu hawanyoshwi hivyo.

Pana watakaosema kwamba swali hili limepitwa na wakati. Katika miaka ya karibuni zimetokea programu zinazosoma maneno ya kawaida ya binadamu na kukisia alichokusudia, hata zikaandika programu nyingine kwa niaba yake. Kijana wa leo anaweza kueleza lango lake kwa sentensi tatu na kupewa mistari yote tayari. Je, msikilizaji wa kujaza nusu iliyobaki hajapatikana sasa hata katika mashine? Jibu ni kwamba kukisia nia si kuwa na nia, na mwenye kukisia hasimami mferejini alfajiri. Mistari hiyo ikiwa na namba ya biti 16, lango litakwama saa tisa na dakika sita vile vile. Tena hatari imeongezeka, kwa sababu zamani anayeanza alijua kuwa hajui, ilhali sasa anaweza kulitundika lango ambalo maneno yake hakuyasema yeye wala hakuyapima. Aliyetia mkono wake kwenye ndiva ndiye mwenye deni, awe aliandika mwenyewe, awe aliandikiwa.

Wengine watasema, basi heri mashine zisiguse mambo ya watu kabisa. Ndiva iachiwe mzee mwenye ufunguo wa busara. Neno hili lina uzuri wake. Msimamizi aliye mwanadamu anaweza kusikia kuwa nyumba fulani ina msiba, akabadili zamu; programu haiwezi kusikia msiba ambao hakuna aliyeuwaza alipokuwa akiiandika. Lakini mzee naye huugua, husahau, na mara nyingine humpendelea shemeji yake. Mashine haina shemeji. Kuikataa kwa kuwa haina huruma ni sawa na kuukataa mfereji kwa kuwa hauna macho. Kinachotakiwa ni kila kimoja kipewe kazi yake: lango lihesabu usiku, watu waamue zamu, na mpini wa mkono usiondolewe kamwe.

Deni hili lina wadaiwa wengine pia, nao ni wenye elimu. Ikiwa kijana wa Same hawezi kusamehewa na bodi kwa sababu hakusoma kitabu chenye mamia ya kurasa katika lugha ya kigeni, basi wanaozijua lugha zote mbili hawawezi kukaa kimya na kujihesabu wema. Kiswahili kina neno lehemu tangu enzi za mafundi wa fedha na shaba wa pwani. Kimepokea waya, volti na saketi bila kuumia. Kinaweza kueleza mguu unaoning'inia na namba inayogeuka usiku, kama kurasa hizi chache zilivyojaribu. Kila jambo la ufundi ambalo halijaandikwa kwa lugha ambayo anayeanza huifikiria ni mguu mwingine ulioachwa hewani, na mahali pasipo neno huingia kelele.

Jumla ya hayo ni kwamba mtu anayetengeneza bodi ya kwanza hujifunza wajibu mbili kwa siku moja, ingawa huambiwa moja tu. Kwa vitu anadaiwa usahihi: aseme lote analotaka, apime lote alilosema, na asiombe huruma mahali ambapo hapana wa kuitoa. Kwa watu anadaiwa ule msamaha aliolelewa nao: ajaze nusu ambayo mwenzake hakuweza kuisema, asikilize nia kabla ya kuhesabu maneno, na awaamini kwanza kabla ya kuamini kitu kinachowashuhudia. Akizishika wajibu zote mbili, kila moja mahali pake, mama wa mfereji atapata maji. Na siku maji yatakapokosekana, atapata mtu wa kumwuliza, ambaye hatamjibu kwamba mashine ndiyo iliyosema.